Hackney Diamonds ya Rolling Stones: wimbo ulikuwa haujaisha!

Wimbo ulikuwa haujaisha. Nimeshamwambia kila mtu aliyekubali kunisikiliza hapa Tabora, na leo naandika kabisa, maana yule kijana wa baa alinijibu vibaya mbele za watu, na tangu siku hiyo siwezi kuizungumzia albamu hii ya Rolling Stones, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, bila damu kuchemka.

Niliagiza CD yenyewe, si ya kuchoma. Ndugu yangu alinitafutia Dar, ikaja kwa basi. Nikaisikiliza nyumbani kwanza, nikaizoea, kisha Jumapili moja jioni nikaipeleka baa fulani ya Isevya ambako wapenzi wa zilipendwa huruhusiwa kuja na muziki wao. Nikamwomba kijana anayeshika mitambo anipigie wimbo mmoja tu, wa 11, Sweet Sounds of Heaven. Sikuomba albamu nzima. Nilitaka wenzangu wa pale wasikie wazee wa miaka 80 wanavyoweza kuimba.

Anayeujua wimbo huo anajua unavyokwenda. Unaanza taratibu, mwimbaji wao Mick Jagger anaomba kwa sauti ya chini, Stevie Wonder yuko kwenye kinanda, Lady Gaga anaingia kwa nyuma, na kadiri unavyosonga mama huyo anapanda mpaka anamsukuma Jagger naye apande. Baada ya dakika ya tano unafika kileleni, vyombo vyote vinashuka, kimya. Ukidhani basi, kinanda kinachokoza tena. Gaga anachombeza, Jagger anamjibu, drams zinarudi, na wanaanza kupanda upya, safari hii bila kujibana kabisa. Mpaka umalizike, dakika saba zimepita. Wimbo wenyewe uko huko nyuma. Yote yaliyotangulia ni kupiga hodi.

Vyombo vilipotulia, kijana akakata. Akaweka singeli.

Nikamfuata. "Mwanangu, huo haujaisha, rudisha kidogo." Hakuniangalia. "Mzee wangu, umeisha huo. Na hao wazungu wenyewe wameisha." Meza ya jirani wakaangua kicheko. Nikamwambia avumilie sekunde chache tu, atausikia unarudi. Akaichomoa CD na kunikabidhi mkononi bila jalada lake, vidole vyake vimetoka kwenye mishikaki, dole gumba limetua upande ule ule unaosomwa na mashine. Mafuta yalibaki na mistari yote ya kidole. Nilipofika nyumbani niliifuta kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda nje, polepole, nikiogopa kila mkwaruzo.

Na hii ni Tabora! Mji wa bendi ya Kiko Kids, mji wa Tabora Jazz waliotupa wimbo wa Dada Asha. Mtu anakula mshahara wa kupiga muziki katika mji huu na hajui kwamba wimbo una sehemu ya pili? Muziki wetu wa dansi umejengwa hivyo hivyo. Mwanzo mnatulia mnasikiliza ujumbe, halafu magitaa yanageuka, solo na ridhim zinajibizana, watu wanaacha viti. Zile santuri ndogo za zamani mara nyingi ziligawa wimbo pande mbili. Ukimaliza wa kwanza unageuza, ndipo unapata chemko. Aliyekaa bila kugeuza alikuwa hajausikia wimbo, hata kama alikariri maneno yote. Hakuna mpiga dansi aliyekubali kukatiwa kabla ya sebene. Mimi nimekatiwa, na nikachekwa juu yake.

Usiku ule, badala ya kulala, nikaipiga albamu yote tangu wimbo wa kwanza nikitafuta cha kujibu. Hapo ndipo hasira ilipohama. Sikumsamehe kijana, hapana. Ila nilianza kuona kilichomfanya adhani wimbo umeisha. Nyimbo karibu zote za hapa zimebanwa na kusukumwa juu kwa nguvu moja. Angry inaingia ikipiga kelele, Get Close inafuata kwa kelele ile ile, ukifika Whole Wide World sikio limeshachoka. Hakuna pa kuvutia pumzi. Kwenye Bite My Head Off amekuja Paul McCartney wa Beatles mwenyewe kupiga besi, na gitaa lake limepewa mkwaruzo mpaka linanguruma kama mashine ya kukoboa. Huo naupenda, niseme ukweli, kwa sababu wimbo wenyewe ni wa ugomvi. Lakini ukisukuma kila kitu juu, siku kitu kimoja kikishuka mtu anadhani umeme umekatika.

Lawama hiyo naipeleka kwa prodyuza, Andrew Watt. Kazaliwa 1990, wakati ambapo hawa walikuwa wameshapiga muziki miaka 28, maana walianza London mwaka 1962. Sisemi ujana ni kosa. Nasema tumesubiri mno. Albamu yao ya mwisho kabla ya hii yenye nyimbo zao wenyewe ilikuwa A Bigger Bang ya 2005. Ile Blue & Lonesome ya 2016 ilikuwa nyimbo za blues za watu wengine. Miaka 18! Mtu akisubiri miaka 18 anataka kusikia mkono wa kila mpigaji, siyo ukuta wa sauti.

Kinachoniuma kuliko vyote ni Charlie Watts, mpiga drams wao. Alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na humu yumo kwenye nyimbo mbili tu, Mess It Up na Live by the Sword. Kwenye ya pili wamemrudisha hata Bill Wyman, mpiga besi aliyeondoka miaka ya 90 mwanzoni, na Elton John yuko kwenye piano. Fikiria thamani ya kitu hicho: drams na besi za enzi zile zimekaa pamoja tena, na mmoja wao hayupo duniani. Sasa wale tuliomfuatilia Charlie tunajua alikuwa na jambo lake. Kila alipopiga snea, ile ngoma kali ya katikati, mkono wa kulia uliinuka, ukaacha kugonga matoazi ya hai-hati kwa nukta hiyo moja. Wapigaji wengi hugonga vyote pamoja. Yeye aliacha nafasi ndogo, na ndani ya nafasi hiyo ndimo magitaa ya Keith Richards yalimokuwa yakiyumba. Alikuwa mtu wa jazi, hakuwa na haja ya kupiga kwa nguvu ili asikike.

Nimeikaribia spika, nimevaa hedifoni, nimepunguza besi nikaongeza treble, nimeitafuta nafasi hiyo kwenye nyimbo hizo mbili. Ipo, lakini imefunikwa. Snea imenenepeshwa. Mess It Up inachezeka, binti yangu aliicheza jikoni bila kujua ni ya nani, lakini mimi nilitaka kumsikia marehemu. Steve Jordan aliyepiga zilizobaki simlaumu hata kidogo. Amepiga na Keith tangu miaka ya 80, na Charlie mwenyewe ndiye aliyeridhia ashike nafasi yake alipougua.

Nilikusudia niishie hapo na kuwaambia msiinunue. Hela ilikuwa nyingi, baa nimedharauliwa, Charlie kafunikwa.

Lakini Dreamy Skies ikapita. Wimbo wa 6, polepole, gitaa la kuteleza linalia, Jagger anatamani aende mbali na watu. Huo haukubanwa. Ikaja Tell Me Straight, ambayo anaimba Keith. Sauti imechakaa, haijifichi, na alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza 80 albamu ilipotoka Oktoba 2023. Nikajikuta nawafikiria Msondo, bendi yetu ya dansi. Walianza kama Nuta Jazz 1964, miaka miwili tu baada ya hawa. Wamebadili majina, wamezika watu, tumemzika mwimbaji wao Gurumo 2014, na bado jina lile likitangazwa watu wanatoka majumbani. Bendi ya umri huo ina haki ya kupiga kelele ikitaka, na mimi nina haki ya kulalamika.

Halafu mwisho. Wimbo wa 12 wameuita Rolling Stone Blues, ni wimbo wa Muddy Waters, mkongwe wa blues wa Marekani, wa 1950, ule ule uliowapa jina la bendi. Ni Jagger na Richards peke yao. Gitaa moja, harmonika, sauti. Hakuna drams, hakuna mgeni maarufu, hakuna ukuta. Unasikia kidole kikisugua waya. Hawa wawili walikutana upya wakiwa vijana stesheni ya treni ya Dartford mwaka 1961, Mick amebeba santuri, na mojawapo ilikuwa ya Muddy Waters. Sisi wa Tabora, ambako reli inagawanyika moja kwenda Kigoma na nyingine Mwanza, tunajua mtu anavyoweza kukutana na maisha yake stesheni. Miaka 62 baadaye wamekaa wawili wale wale kuupiga wimbo ule. Huyo huyo Watt niliyemtukana usiku kucha ndiye aliyesimamia na huo, na huo hakuubana. Kwa hiyo anajua! Anaweza! Ndiyo maana sielewi alichokifanya kwenye nyingine.

Februari 2025 walipewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki. Wanastahili, na ningewapa kwa nyimbo tatu peke yake, za 10, 11 na 12 zikifuatana. Mwenye CD aanze hapo, aje na Dreamy Skies, halafu ndipo arudi mwanzo akiwa ameshusha sauti ya redio. Nilikusudia kusema msiinunue; inunueni, lakini msiipeleke mahali ambapo muziki ni wa kufunika mazungumzo.

Na wakitaka hela yangu tena, watoe zile nyimbo mbili za Charlie zikiwa zimechanganywa upya, snea ishushwe, mkono ule wa kulia usikike ukiinuka. Nitalipa siku hiyo hiyo.