Ndoo, salfeti, dumu au chungu? Vyombo vya bustani ya kwanza, kuanzia kinachofaa zaidi

Chungu cheupe cha lita 3, chenye sahani yake, hupendeza barazani. Panda nyanya humo, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, kisha nenda kazini. Ukirudi jioni unakuta majani yamelala kama kitambaa kilicholowa. Wengi huishia hapo na kujiambia hawana mkono wa mimea, kumbe shida ni ujazo. Udongo mzuri hushika maji yanayonyweka na mmea kiasi cha robo ya ujazo wake, mara nyingi pungufu. Lita 3 za udongo hazifikishi lita moja ya maji, na nyanya iliyokwisha kubeba matunda kwenye jua kali hunywa lita 1 hadi 2 kwa siku.

Kwa hiyo vyombo hapa tumevipanga kwa mambo matatu: unapata lita ngapi za udongo kwa fedha yako, chombo kinakauka upesi kiasi gani, na kitastahimili jua la pwani hadi lini. Urembo tumeuacha nyuma makusudi. Ukiwa dukani, gawanya bei kwa lita. Tuseme chungu cha lita 5 ni shilingi 5,000 na ndoo iliyotumika ya lita 20 ni shilingi 4,000: kila lita ya udongo inakugharimu 1,000 kwenye chungu na 200 kwenye ndoo.

Jua pia unachotaka kupanda. Nyanya na bilinganya zinahitaji lita 20 kwa mche mmoja. Pilipili hutosheka na lita 10, na sukuma wiki vilevile. Mchicha, giligilani na vitunguu majani havijali ujazo sana, vinachotaka ni upana na kina cha sentimita 15 hadi 20. Mrehani na mnanaa huvumilia hata lita 5, lakini mnanaa upe chombo chake peke yake, maana ukichanganywa na wenzake utawameza.

1. Ndoo ya lita 20 iliyotumika

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Ni ndefu ya kutosha kwa mizizi ya nyanya, ina mshikio wa kuisogeza jua linapohama, na ukisahau kumwagilia siku moja mmea hauzirai.

Kwa muuzaji, igeuze kitako juu. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5. Hizo ndizo plastiki za ndoo za kawaida na hazina matata kwa mboga. Bonyeza ubavu kwa dole gumba. Ikibonyea na kurudi, nunua. Ikitoa mlio wa kukatika au kuacha mstari mweupe, imeshaliwa na jua na haitamaliza mwaka. Kisha nusa. Ndoo ya mafuta ya kupikia ni bora, ya rangi ya maji inafaa ukibandua mabaki yote na kuisugua kwa sabuni. Iliyobeba rangi ya mafuta, thina au dawa ya wadudu usiichukue hata ukipewa bure.

Matundu ndiyo yanayoamua kila kitu. Pasha moto msumari wa inchi 4 kwenye mkaa, ushike kwa koleo, fanyia kazi hiyo nje kwa sababu ya moshi. Toboa matundu 6 ya kipenyo cha sentimita 1 kwenye kitako, halafu mengine 4 ubavuni, sentimita 2 kutoka chini. Hayo ya ubavuni watu huyasahau. Ndoo ikikaa juu ya sakafu ya saruji, kitako hugandamana na sakafu na matundu ya chini huziba. Mvua ya masika ikija, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanakuwa njano kuanzia chini, na mwenye ndoo akidhani ni kiu anazidi kumwaga maji.

Utaambiwa uweke tabaka la kokoto chini ili maji yatoke vizuri. Usiweke. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto; husimama juu ya tabaka hilo, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi na kupoteza nafasi ya udongo. Kipande cha chandarua cha zamani juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoroke.

Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, ndani huota ukijani wa mwani. Nyeusi nayo huchemka jua la mchana, hasa upande wa magharibi. Zote mbili dawa yake ni moja: zungushia mkeka chakavu.

2. Mfuko wa salfeti wa kilo 25

Ni rahisi kuliko ndoo na unapumua kila upande. Chagua uliobeba sukari, unga au mchele, na uache wa saruji au mbolea. Kunja mdomo kwa nje hadi ubaki na kimo cha sentimita 35, jaza, pigapiga chini ili ukae wima. Kama una nailoni kwa ndani, itoe au itoboe, la sivyo umetengeneza kisima.

Upungufu wake ni jua. Baada ya msimu mmoja au miwili nyuzi huanza kukatika kama nywele, na mfuko ukifika hapo ukiuinua unabaki na masikio mkononi, udongo umemwagika. Kwa hiyo uweke pale pale utakapobaki.

Wapo wanaotaka kuanza na gunia refu la kilo 50, lenye nguzo ya mawe katikati na sukuma wiki zinazochomoza ubavuni, kama yale ya Kibera jijini Nairobi. Linazalisha sana kwa eneo dogo, ila si la mara ya kwanza. Likilowa hupita kilo 100, na nguzo ikijengwa vibaya maji huishia juu huku miche ya chini ikifa kwa kiu. Lisubirishe msimu mmoja kwanza.

3. Dumu la lita 20 lililopasuliwa ubavu

Kwa mboga za majani hili lingeweza kuwa namba moja. Lilaze, kata ubavu wa juu kwa kisu cha moto, acha mshikio na kifuniko mahali pake, toboa matundu 8 upande wa chini. Linatoa kitalu chembamba cha mchicha kinachokaa hata kwenye ukingo wa ngazi. Kwa nyanya halifai, kina hakitoshi. Kingo za plastiki iliyokatwa ni kali. Zipitishie moto au uzifunike kwa mpira wa maji uliopasuliwa.

4. Chungu cha plastiki cha dukani

Si kibaya, ni ghali kwa lita. Ukinunua, usidanganywe na kipimo cha mdomo, uliza lita. Chungulia chini pia: vingi matundu yamechorwa tu, hayajatobolewa.

5. Chungu cha kufinyanga

Kizuri kwa macho, na mizizi hupata ubaridi kwa sababu maji hupenya ukutani na kukauka kwa nje. Ubaridi huo unalipiwa kwa maji. Kwa anayenunua maji kwa dumu, chungu kinachotaka kumwagiliwa asubuhi na jioni ni mzigo. Ukikipenda, kiloweke usiku kucha kabla ya kupanda, na ukitumie kwa mshubiri au mrehani kivulini. Ukungu mweupe unaotokea nje ni chumvi ya maji, hasa ya kisima. Isugue kwa brashi.

6. Tairi

Linapatikana bure na ndiyo maana linapendwa. Lakini hupata joto kali, lina kemikali ambazo hazina sababu ya kuwa karibu na mboga unayokula, na mkunjo wake wa ndani hutuama maji. Mbu wa dengi anapenda maji machache yaliyotulia, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Pandia maua, baada ya kutoboa ubavu wa chini. Sahani za vyungu nazo zina dhambi hiyo hiyo, zimwage kila siku mbili.

Viriba vyeusi vya miche havimo kwenye orodha kwa kuwa ni vya kulelea tu. Mche wa nyanya ukifika kimo cha kiganja na kuwa na majani halisi 4 au 5, uhamishe.

Udongo wa kujazia

Chombo kizuri chenye udongo mbaya ni hasara. Kwa ndoo 3, nunua debe 2 za udongo wa juu, debe 1 ya samadi iliyoiva, na nusu debe ya pumba za mpunga zilizochomwa. Kama udongo wa kwenu ni kichanga, kama ulivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam, mchanga mwingine hauhitajiki. Ule wa ufukweni usiuguse, chumvi yake inaua. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono wala harufu ya banda. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi, iache miezi 2 au 3 kwanza. Fumbata konzi ya mchanganyiko uliolowa kidogo: ukifungua kiganja ubaki bonge, ukiligusa kwa kidole lisambaratike. Likibaki gumu, ongeza pumba.

Jaza hadi sentimita 5 chini ya mdomo. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kama chini kuna unyevu, subiri. Nyanya inayokaushwa na kuloweshwa kwa zamu huoza kitako hata kama mbolea ipo, kwa kuwa madini ya chokaa (kalsiamu) husafiri na maji kwenda kwenye tunda.

Safari ya kwanza sokoni basi: ndoo 2, dumu 1, debe hizo za udongo na pakiti ya mbegu za mchicha. Ndoo moja iwe ya sukuma wiki miche 2, nyingine pilipili. Kwenye dumu sia mchicha kwa mistari, mbegu zikiachana, udongo juu yake nusu sentimita tu. Huchomoza siku ya 4 hadi ya 6. Miche ikianguka chini huku shina limenyong'onyea usawa wa udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche: umesia kwa msongamano na kumwagilia kupita kiasi. Ng'oa iliyoanguka, punguza maji, acha hewa ipite. Iliyobaki inachumwa kuanzia wiki ya 4, na usiing'oe. Kata ukiacha kisiki cha vidole vitatu chenye majani mawili, mwagilia, na baada ya siku chache angalia pale jani linapokutana na shina: vichipukizi viwili, rangi ya kijani hafifu, vimeshaanza.