Nimepitia ndege wa aina tatu ndani ya fleti, baji, wale kasuku wadogo, ndo wamebaki: uzoefu wangu

Nianze na jirani maana bila yeye nisingejifunza chochote. Naishi fleti ya vyumba viwili ghorofa ya nne, ukuta mmoja nashea na dada mmoja nesi anayefanya shifti za usiku, yaani yeye anarudi kulala wakati sisi wengine ndo tunaamka, na ukuta wenyewe ni wa aina ile ukipiga chafya huku, wa kule anakwambia afya. Sasa mimi na akili zangu timamu nikaenda kuleta konyua.

Kwa asiyemjua, konyua ninayemsema ni yule kasuku mdogo wa njano na rangi ya chungwa, asili yake Amerika ya Kusini. Ni mzuri jamani tusidanganyane. Nilimkuta dukani akanipandia begani akaanza kunichokonoa sikio, hapo maswali yote niliyokuja nayo yakayeyuka, nikakumbuka moja tu, nikamuuliza muuzaji huyu anapiga kelele? Akasema "kidogo tu, asubuhi na jioni." Kwenye asubuhi na jioni hakunidanganya. Kwenye kidogo ndo alinimaliza. Ndege hana hata gramu 130 lakini akiamua kupiga ukelele ni desibeli zaidi ya 100, na sio kelele ya kuimba, ni kama mtu anakata bati na msumeno wa umeme, na anaanza jua linapochomoza, hana wikiendi hana sikukuu.

Nilichokuja kuelewa baadaye sana ni kwamba hawa wanaishi kwa makundi huko porini, na ule ukelele ndo simu yao, mmoja akipotea anaita, wenzake wanamjibu, basi. Sasa ndani ya fleti kundi lake ni wewe. Ukiingia bafuni anakuita. Ukitoka kwenda kazini anakuita mpaka achoke. Na mimi nikafanya kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya, akipiga kelele narudi sebuleni nampigia na mimi kelele "nyamazaaa", kumbe yeye kichwani kwake anaona ah safi, nimeita na mwenzangu kaitika. Nikawa namfundisha mwenyewe bila kujua. Dawa yake ni kumjibu kabla hajafika huko, unampigia mluzi mdogo ukiwa chumba kingine ili ajue upo, na akiachia ukelele hujibu wala huji. Inasaidia kiasi. Kiasi tu.

Wiki ya sita yule dada akagonga mlango, hajakasirika hata, ana wasiwasi usoni. "Samahani kaka, huyo ndege mnamfanyaje?" Alidhani tunampiga. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Konyua akahamia kwa rafiki yangu mwenye nyumba ya peke yake na uwanja mkubwa, na huko wanapendana hatari. Kwa hiyo sio ndege mbaya, nampa nyota 5 kama una uwanja, kwa fleti nampa 1, na hiyo moja ni ya urembo.

Wa pili akawa kokatili. Jina linakaa kama katili lakini hana ukatili wowote, ni ndege mpole mno wa Australia mwenye kishungi kichwani, na kile kishungi ndo kinakusomea moyo wake, kikisimama wima kashtuka au ana udadisi, kikilala bapa kabisa huku anatoa sauti ya sss kama nyoka basi toa mkono. Dume anapiga mluzi vizuri sana. Huyu wangu alikopi mlio wa simu yangu ndani ya wiki tatu, nikawa nakimbilia simu haiiti. Sauti yake haikumsumbua jirani, nilienda kumuuliza mwenyewe. Anaishi miaka 15 mpaka 20 akitunzwa, kwa hiyo sio kitu cha kuchukua kwa mihemko.

Kilichonishinda ni vumbi. Hii hakuna aliyeniambia kabla. Kokatili ana manyoya fulani ya chini yanayojisaga yenyewe kuwa unga mweupe, ndo anavyojitunzia manyoya yake, na ule unga unakaa kila mahali, tivii nyeusi ikawa kijivu, laptopu, glasi za maji, kila kitu. Ungekuwa nyumba yenye hewa inayopita sawa, lakini fleti madirisha ni ya upande mmoja na mdogo wangu ninayeishi naye ana pumu. Nilijaribu kumnyunyizia maji kila siku mbili, inapunguza, haiishi. Mdogo wangu akaanza kutumia pampu yake usiku, hapo hakuna cha kujadili. Halafu kuna kitu kingine, hawa wana tabia ya kushtuka usiku gizani, gari likipita na taa au mlango ukijibamiza anaanza kujirusha ndani ya tundu kama amepagawa, anaweza kuumia bawa. Taa ndogo ya usiku karibu na tundu inamaliza tatizo. Sasa hivi yuko kwa shangazi, bado anapiga ule mlio wa simu yangu, shangazi anasema anachanganyikiwa kila siku.

Hapa katikati watu walinishauri mengi. Wengi walisema chukua kasuku wa kijivu anaongea kama mtu. Wapendwa. Huyo anaweza kufika miaka 40 na zaidi, unamwandikia kwenye urithi kabisa, halafu ana akili ambayo ukimwacha peke yake siku nzima anaanza kujinyonyoa manyoya kifua kinabaki peupe. Watu wanasikia habari za Alex, yule kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg aliyekuwa anataja rangi na maumbo na kuhesabu, wanasahau kwamba alikuwa na watu wa kukaa naye na kumfundisha kila siku kwa miaka 30. Wewe unarudi saa moja usiku umechoka. Na toka 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa hiyo ukiuziwa bila karatasi ujue unanunua kesi.

Mwingine akaniambia finchi, wale wadogo wenye mdomo mwekundu na mistari mistari. Na kusema kweli kama unachotaka ni kuangalia tu bila kushika, finchi ndo ndege wa fleti namba moja, sauti yao ni kama kichezeo cha mtoto kinachobonyezwa, haivuki ukuta. Ila uchukue wawili au zaidi, na usitegemee watakuja mkononi. Chiriku naye dume anaimba vizuri na anaweza kukaa peke yake. Mimi nilitaka wa kuja mkononi.

Ndo nikaishia kwa baji, wale wanaoitwa bajeriga kirefu. Wa Australia pia, gramu 30 hadi 40, urefu kama sentimita 18 na nusu yake ni mkia. Safari hii sikwenda dukani kwa hisia, nilienda na macho. Muuzaji akaniambia wote ni makinda wa miezi miwili. Sasa kinda wa baji ana mistari kwenye paji la uso mpaka inagusa pale juu ya mdomo, akishabadilisha manyoya kwenye miezi mitatu minne ile mistari inarudi nyuma paji linabaki safi. Wawili kati ya wale "makinda" walikuwa na mapaji masafi kama yamepigwa pasi. Nikawaonyesha kwa kidole, muuzaji akacheka, akasema "basi wewe unajua." Angalia pia ile nyama yenye matundu ya pua, dume aliyekomaa kwa rangi za kawaida anakuwa na ya bluu, jike inaelekea kahawia. Nikachukua madume wawili makinda. Sikutaka dume na jike maana sikutaka mayai, jike akitaga mfululizo anachoka, na yai linaweza kumkwama akafa. Na hata madume usiwawekee kiboksi cha kutagia, kinawatia tu ugomvi.

Kwa nini wawili, mmoja si angeongea zaidi? Ni kweli, wa peke yake anakuganda wewe na anajifunza maneno haraka. Kuna baji wa Marekani aliitwa Puck aliingia kwenye rekodi za Guinness kwa maneno 1,728, alikufa 1994. Wangu wawili wana maneno matatu jumla na moja ni jina langu wanalolikosea. Lakini mimi natoka nyumbani masaa tisa, na baada ya yale ya konyua niliapa sitamwacha tena ndege mmoja anaita mtu ambaye hayupo. Wakiwa wawili wanaitana wenyewe, sauti inakaa chini, ni kupayuka kwa mfululizo kama redio iliyowekwa kwa mbali, kuna wakati inakera nikiwa kwenye simu ya kazi lakini sio ya kugongewa mlango.

Tundu. Nilianza na lile la duara nililokuwa nalo, limekaa kama pambo, ni takataka. Ndege anaruka kwenda mbele sio kupanda juu kama lifti, kwa hiyo upana ni muhimu kuliko urefu. La sasa lina sentimita 80 kwa upana, na nafasi kati ya nondo kama sentimita 1.2, ikizidi hapo baji anapitisha kichwa ananasa. Vile vijiti vya plastiki vilivyokuja nalo nimetoa, nimeweka matawi ya mti halisi yenye unene tofauti, maana akikanyaga unene uleule kila siku nyayo zinapata vidonda. Na vile vilivyofunikwa msasa eti vinanoa kucha, achana navyo, vinachubua miguu tu.

Sasa jambo la jiko, hili naomba msome vizuri kwa sababu kwenye fleti jiko na sebule ni kitu kimoja. Ndege mapafu yake yameunganishwa na vifuko vya hewa mwilini, hewa anaitumia kwa ufanisi kutuzidi sisi, ndo maana wachimba makaa ya mawe Uingereza walikuwa wanashuka na chiriku migodini mpaka 1986, gesi ikiwepo yeye anaanguka kabla ya mtu. Vile vikaango visivyogandisha vyenye utando wa PTFE vikiungua jikoni, ule moshi wewe unaweza usiusikie hata harufu lakini ndege kwenye sebule anakufa ndani ya dakika. Niliposoma hilo niligawa vikaango vyote siku hiyohiyo, nikabaki na vya chuma na sufuria za kawaida. Mama alinipigia kuuliza kama nimefilisika. Pia mishumaa ya harufu, dawa ya kupuliza mbu, pafyumu, sigara, vyote vimetoka. Kama huwezi kuacha hivyo vitu basi fuga samaki, sisemi kwa ubaya.

Wakiwa nje ya tundu nazima feni ya dari, nashusha pazia ili wasijigonge kwenye kioo, nafunika choo. Wanakaa nje dakika tisini kila jioni. Usiku nawafunika na shuka kuanzia saa mbili, wanahitaji masaa 10 hadi 12 ya giza, na faida yake nyingine ni kwamba bila mwanga hawaanzi kelele alfajiri. Nafunua saa moja asubuhi. Ndege anafuata mwanga, ukiudhibiti mwanga umedhibiti nusu ya ugomvi na majirani.

Chakula, mbegu peke yake ni mafuta matupu, ini linaharibika. Kuwahamishia kwenye peleti, yaani chakula cha ndege cha vidonge vidonge, na majani kulichukua kama miezi miwili ya kususiana, wakaanza kula majani siku waliponiona natafuna mbele yao kwa makelele. Parachichi, chokoleti, kahawa na chumvi marufuku.

Mwezi wa tano mmoja alipungua kutoka gramu 36 kwenda 32 na kwa macho huoni kitu, anaruka anapayuka kama kawaida, ndege anaficha ugonjwa mpaka dakika ya mwisho. Nilijua kwa sababu nina mzani wa jikoni, nawapima kila Jumapili asubuhi kabla hawajala. Daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia akasema yeye anatibu mbwa na paka tu, wa pili hivyohivyo, wa tatu ndo akampokea, ilikuwa maambukizi akapona. Kwa hiyo tafuta daktari kabla hujatafuta ndege, mimi nilitafuta huku natetemeka.

Nyota 4 kwa baji. Moja nimeikata kwa ajili ya maganda ya mbegu, nayakuta chini ya friji, ndani ya viatu, juzi nimeyakuta kwenye begi la kazini katikati ya kikao. Dada nesi nilikutana naye kwenye ngazi wiki iliyopita, nikamuuliza vipi hawa wapya, akaniuliza wapya gani.