Vifaa vya mgonjwa wa kiharusi nyumbani: vya kununua na vya kuacha dukani

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka wodini, ndugu huchanga na mmoja wao hutumwa duka la vifaa tiba. Mara nyingi hurudi na mashine ya masaji, mpira wa kuminya na fimbo iliyochaguliwa kwa macho tu. Hapa tumeviangalia vifaa vinavyouzwa sana kwenye maduka hayo na kuvipanga kwa manufaa yake, si kwa bei.

Kwanza lile ambalo duka haliuzi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukishindwa kubaki juu ukiinuliwa, au maneno yakikorogeka ghafla, tazama saa. Uliza mtu huyo alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Kama ameamka hivyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyokwenda kulala. Mpeleke hospitali yenye CT-scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima, na haitolewi kabla picha ya kichwa haijaonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Kwa sababu hiyo hiyo aspirini ya nyumbani ni kamari. Kinywani asitie kitu, hata maji, maana koo likilegea huingia mapafuni. Na ile tabia ya kuweka kidonge cha presha chini ya ulimi iachwe: saa hizo presha ya juu mara nyingi ndiyo inayosukuma damu kupita pembeni ya palipoziba, na kuiangusha ghafla kunaongeza sehemu ya ubongo inayokufa.

Sasa vifaa. Namba moja, bila ubishi, ni mashine ya presha. Presha isiyodhibitiwa ndiyo njia kuu ya kiharusi cha pili, na hakuna kifaa kingine kwenye rafu kinachokizuia hata kidogo. Nunua ya kufunga juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono hudanganya mkono usipokuwa sawasawa na moyo. Kabla ya kulipa, pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma kilichoandikwa kwenye mkanda. Mkanda wa kawaida wa mashine nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32. Kwa mtu mwenye mkono wa sentimita 36, mkanda huo utasoma presha juu kuliko ilivyo, na mgonjwa ataongezewa dawa asizozihitaji. Muuzaji akisema "unatosha wote," mwambie akufungie hapo hapo. Bluetooth na programu ya simu si sababu ya kuongeza hela, daftari linatosha. Afadhali ulipie modeli iliyomo kwenye orodha ya STRIDE BP, ambayo hutaja mashine zilizohakikiwa usahihi wake.

Nyumbani makosa ni yale yale. Mgonjwa akae dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haikupishana, mkojo umetoka, na wala msipige soga. Funga kwenye mkono mzima, kwa sababu mkono uliopooza unaweza kutoa namba tofauti kutokana na kulegea au kukakamaa kwa misuli. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni. Fanya hivyo siku 7 kabla ya kliniki. Daktari huiacha siku ya kwanza na kuchukua wastani wa zilizobaki. Kwa wengi waliopata kiharusi lengo ni chini ya 130/80, ila daktari wake ndiye wa kulithibitisha. Alama ya mapigo yasiyo sawa ikijirudia, usiilaumu betri: omba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwani moyo unaodunda ovyo hutengeneza mabonge ya damu yanayopanda hadi kwenye ubongo.

Fimbo ya miguu minne inastahili hela yake, mradi irekebishwe kwa mwenyewe. Akiwa amesimama na viatu vyake, mkono ukining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kikunje kidogo. Ikiwa ndefu, bega linapanda. Ikiwa fupi, anainamia upande. Inashikwa kwa mkono mzima, na mpangilio ni fimbo, mguu dhaifu, mguu mzima. Ngazini: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, dhaifu utangulie. Miguu ya fimbo inayotokeza zaidi iangalie nje, la sivyo atajikwaa nayo. Dukani isimamishe sakafuni uitikise, ikicheza, rudisha. Mipira ya chini huliwa haraka kwenye changarawe, kwa hiyo uliza kama vipuri vyake vinapatikana. Mtu akishaanza kutembea kwa kasi kidogo, minne huanza kuwa kero kwa sababu haitui yote kwa pamoja, na fimbo ya mguu mmoja humfaa zaidi.

Splinti ya plastiki ya kushikilia kifundo, kwa anayeburuta vidole, ndiyo tunayoipa alama mbili tofauti. Ile ya dukani, ya S, M na L, ni nyepesi na humfaa mwenye mguu mlegevu usio na uvimbe. Mguu uliokakamaa na kupindia ndani huishinda: plastiki nyembamba hujikunja, kisigino hupanda, na ngozi hubabuka kwenye jicho la mguu. Huyo anahitaji ya kuchukuliwa kipimo kwa plasta. Kwa Tanzania, karakana za viungo bandia kama za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi hutengeneza. Yoyote utakayochukua, ivaliwe juu ya soksi ndefu isiyo na mikunjo na ndani ya kiatu cha kufunga kilichotolewa soli ya ndani. Mara nyingi kiatu hicho hupandishwa namba moja. Ndala hazifai kabisa. Siku za mwanzo avae kwa muda wa kama saa 1, kisha vua uangalie: wekundu usiofifia ndani ya dakika 20 au 30 maana yake panagandamizwa, na mgonjwa asiyehisi mguu hatakuambia.

Kombeo la mkono: nunua la bei ndogo, ulitumie kidogo. Kazi yake ni kulibeba bega lililolegea wakati wa kusimama na kutembea. Akikaa, livuliwe, mkono ulale juu ya mto. Wanaoshinda nalo kutwa hupata bega gumu na kiwiko kisichonyooka. Na hakuna kombeo litakaloliokoa bega la mtu anayeinuliwa kitandani kwa kuvutwa mkono huo.

Mpira wa kuminya, acha. Mikono mingi ya kiharusi tatizo lake ni kufunguka, si kufumba, na kuminya kutwa hufundisha vidole kile vinachokijua tayari. Vizibo vya chupa vya kuokota na kuachia, au kikombe cha kusogeza mezani, vinafanya kazi nzuri zaidi bila gharama. Mashine za masaji, bangili za sumaku na mikeka ya kupasha joto tunazipa sifuri. Masaji hustarehesha, hilo hatukatai, lakini njia mpya za ubongo hujengwa kwa mgonjwa mwenyewe kujaribu na kurudia kitendo. Joto kwenye ngozi isiyohisi limeshaunguza watu.

Godoro la upepo ni msaada kwa asiyeweza kujigeuza, si mbadala wa kumgeuza. Ratiba ya kila saa 2 inaendelea, usiku pia, mpaka muuguzi aseme vinginevyo. Ukishampandisha, penyeza kiganja chini ya godoro usawa wa makalio: ukiuhisi mfupa, upepo hautoshi. Uliza hasa umeme ukikatika inakuwaje, kwani baadhi hubaki na upepo kwa muda na mengine hushuka hadi mgonjwa analalia ubao wa kitanda. Kama mtaani kwenu umeme ni wa mgawo, weka godoro zito la sponji chini yake, na bomba la pampu lisipite mahali linapokanyagwa.