QGIS kwa vigae vya ramani: naipa nyota nne

Nimeitumia QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, miaka kama mitatu sasa, ni ya bure, haina mambo ya kulipia leseni, na kwa sisi tunaochora ramani za viwanja halafu tunazirusha kwenye tovuti kama vigae, yaani vipicha vidogo vya mraba vinavyopangwa pamoja kuwa ramani, sijaona ya kuizidi. Nyota ya tano nimeinyima makusudi, ngoja niwaambie.

Mzee mmoja alinipa koodineti za viwanja vyake vya ufukweni Kigamboni, zimenakiliwa toka kwenye mchoro wa zamani wa upimaji. Kupakia, programu ikauliza ni mfumo gani wa koodineti, mimi mbiombio nikachagua WGS 84 UTM 37S, mfumo wa kisasa wa vipimo vya mita, namba yake 32737, kumbe zilipimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, namba 21037. Koodineti zenyewe ukiziangalia zote saizi moja, huwezi kushtuka. Nikatengeneza vigae, nikapandisha, nikamtumia linki. Haikupita nusu saa simu inaita: "We kijana, mbona viwanja vyangu umewapa samaki?" Kufungua hivi, safu ya mbele yote iko majini 😂 imesogea kama mita 300 kaskazini na tisini na kitu magharibi.

Kosa langu, nakubali, sikuweka hata ramani ya bure ya OpenStreetMap kwa chini nione. Ila na QGIS nayo inachanganya: kuna sehemu ya kubadili jina la mfumo wa leya (tabaka la data kwenye ramani), na kuna sehemu ya kuzigeuza koodineti zenyewe, na mgeni anaona ni kitu kimoja. Dawa ilikuwa kuipa leya jina lake la kweli, 21037, basi, maana kile kifaa cha vigae vya XYZ (utaratibu wa kuhesabu vigae toka juu) kinageuza chenyewe kwenda mfumo namba 3857, ambayo ndo ramani nyingi za mtandaoni zinatumia. Hapo naisifu sana.

Halafu kuna kitiki cha kupindua mhimili wa Y kwa ajili ya TMS, utaratibu mwingine wa kuhesabu vigae. Usikiguse kama tovuti yako inasoma XYZ! Mimi nilikigusa, Dar ikahamia Ethiopia tena imekatikakatika, maana safu za vigae zinahesabiwa toka chini badala ya juu.

Spidi ndo kilio kingine, kila zumu ukiongeza vigae vinakuwa mara nne, kwa hiyo kufika zumu 18 eneo kubwa weka laptopu kwenye chaji nenda kale. Na eneo la kiwanja usilipimie kwenye 3857, kwa Dar urefu unazidi kama asilimia 0.7 tu hivyo hutaona kitu, ila London, mbali na ikweta, unazidi kwa zaidi ya nusu. Pimia kwenye mfumo wa UTM wa eneo lako.

Mzee kalipa yote, ila hadi leo akipiga simu ananiita mvuvi.