Akiba yako inunue nini kwanza? Uwekezaji uliopangwa nafasi kwa mkazi wa Mwanza

Mtu wa Kirumba mwenye mtumbwi wa dagaa, kibanda cha biashara Mwaloni na vyumba anavyowapangisha wachuuzi wa samaki atakwambia ana miradi mitatu. Kwa hesabu ya hatari ana mmoja tu, nao ni ziwa. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, kibanda kinapoa na mpangaji anaomba asubiriwe. Yote hayo ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo nafasi hapa chini hazikutolewa kwa kuangalia nani anaahidi faida kubwa. Tumepima hasa mambo mawili: pesa hurudi mkononi baada ya muda gani, na ziwa likiyumba, nayo inayumba?

Nafasi ya 1: Mfuko wa Ukwasi

Huu ni mmoja wa mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya pesa za wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Unaanza na shilingi 100,000 na kuongeza kuanzia 10,000. Hakuna makato ya kutoka, na ukiomba pesa hulipwa ndani ya siku chache za kazi. Faida yake haiji kama riba ya benki: thamani ya kipande, yaani sehemu yako ya mfuko, hupanda kidogo kidogo, na wewe unauza vipande unavyohitaji tu.

Hapa ndipo pa kuweka pesa ya dharura. Mwajiriwa wa mshahara aweke matumizi ya miezi 3. Anayeishi kwa samaki, pamba au bodaboda aweke miezi 6, kwa sababu kipato chake hukatika bila barua. Usinunue kitu kingine chochote katika orodha hii kabla fungu hilo halijajaa. Wengi huanza na kiwanja, mtoto anaugua, kiwanja kinauzwa kwa bei ya kutupa.

Kinachokwamisha watu hapa ni majina. Jina la kitambulisho cha NIDA, la akaunti ya benki na la namba ya simu lazima yafanane herufi kwa herufi. “Mashauri” upande mmoja na “Mashaury” upande mwingine yanatosha kukuzuilia malipo siku unayoyahitaji.

Nafasi ya 2: Hatifungani za serikali

Kwa mwenye milioni kadhaa asizozihitaji karibuni, hii ndiyo nguzo ya kapu zima. Unaikopesha serikali kwa miaka 2, 5, 10, 15, 20 au 25, nayo inakulipa riba kila baada ya miezi 6. Kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Kwa hatifungani ya milioni 10 yenye riba ya asilimia 12 unapokea 600,000 mara mbili kwa mwaka, ziwa liwe na dagaa au lisiwe nao.

Hununui moja kwa moja Benki Kuu. Unapitia benki yako au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa, anakufungulia akaunti ya dhamana inayotunza hatifungani zako, kisha unajaza fomu ya mnada. Minada hufanyika Jumatano kwa kalenda inayotangazwa mapema. Fomu ifike Jumatatu au Jumanne, maana matawi mengi hutuma maombi Dar es Salaam na hayapokei ya dakika za mwisho. Pesa iwe tayari kwenye akaunti. Ombi lililokubaliwa likakuta akaunti tupu ni usumbufu usio na sababu.

Fomu itakuuliza kama unashindana kwa bei au la. Mnunuzi mdogo achague kutoshindana: atapewa wastani wa bei za walioshinda. Anayekisia bei mwenyewe ama hukosa kabisa, ama hununua ghali kuliko wenzake.

Sasa kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Anaona hatifungani ya riba ya asilimia 15, anafurahi, hasomi bei. Bei huandikwa kwa kila shilingi 100. Ikiwa ni 110, hatifungani ya milioni 10 itakugharimu milioni 11. Riba yako ni milioni 1.5 kwa mwaka, yaani asilimia 13.6 ya ulichotoa, na mwisho wa muda unarudishiwa milioni 10, si 11. Si biashara mbaya, ila si ile uliyodhani. Mwulize dalali neno moja, “mavuno mpaka ukomavu ni asilimia ngapi?”, yaani faida halisi ya kila mwaka ukiishika mpaka mwisho wa muda, na ulinganishe kwa namba hiyo peke yake.

Muda nao una bei yake. Riba za soko zikipanda, hatifungani ya zamani hushuka thamani ukitaka kuiuza kabla ya muda. Ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12, soko likianza kudai asilimia 15, huuzika kwa takribani 81 kwa kila 100. Ya miaka 5 katika hali hiyo hiyo huuzika karibu 90. Mwenye ada za watoto mwaka kesho kutwa hana sababu ya kununua ya miaka 25, hata wenzake kazini wakimcheka.

Huna milioni? Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS hupokea kuanzia 50,000, na nyongeza ya 5,000. Utapata kidogo chini ya mwenye hatifungani yake, kwani kuna gharama za uendeshaji, lakini hutagusa mnada wala fomu.

Nafasi ya 3: Mfuko wa Umoja, kisha hisa

Umoja, mfuko mwingine wa UTT AMIS ulioanza 2005, huchanganya hisa na dhamana nyingine, na unaweza kuanza na vipande 10. Kwa mtu asiyesoma hesabu za kampuni, aishie hapo.

Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam zinanunuliwa kupitia dalali au kwa simu, kwa programu ya Hisa Kiganjani. Gharama za kununua hukaribia asilimia 2, na za kuuza vivyo hivyo. Ukinunua za 200,000 leo na kuziuza mwezi ujao kwa bei ile ile, umeacha njiani kama 8,000. Soko letu si la kuingia na kutoka. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5.

Usinunue kwa kelele za toleo la kwanza, pale kampuni inapouzia umma hisa zake kwa mara ya kwanza. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, na waliozinunua walikaa miaka wakiziona chini ya bei hiyo. Na kampuni nyingine ndogo sokoni hupitisha wiki bila mnunuzi: bei inaonekana kwenye ubao, pesa haipatikani.

Nafasi ya 4: Kiwanja

Ardhi ya Buhongwa, Kisesa au Usagara tunaijua kwa macho, ndiyo maana tunaiamini kupita kiasi. Haitoi hata shilingi mpaka uijenge au uiuze, na kuiuza huchukua miezi. Nunua kilichopimwa tu, na kabla ya kulipa fanya upekuzi kwa msajili wa hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauthibitishi umiliki. Kile cha ufukweni chenye mandhari ya kupendeza kipime umbali wake na maji: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Nafasi ya 5: Amana ya muda maalumu

Unaifungia benki pesa kwa muda mliokubaliana. Salama, rahisi, dhaifu. Milioni 5 kwa asilimia 9 huzaa 450,000, kodi ya asilimia 10 inachukua 45,000. Inafaa kwa pesa yenye tarehe inayojulikana, kama ada ya Januari.

Ya mwisho: mtumbwi wa pili, au kizimba cha kufugia samaki ziwani

Si kwamba havilipi. Kizimba kilichotunzwa kinaweza kuzidi vyote vya juu. Lakini chakula cha samaki ndicho gharama kubwa kuliko zote, na maji ya chini yasiyo na hewa yakipanda ghafla, sato wa miezi kadhaa wanaelea asubuhi moja. Hiyo ni biashara, ihesabiwe kama biashara. Kwa ambaye tayari anakula kwa ziwa, ni kuongeza uzito upande ule ule wa mtumbwi.

Kugawa na kusawazisha

Mwenye 500,000: yote Ukwasi. Mwenye milioni 5: milioni 2 Ukwasi, 2 hatifungani ya muda mfupi, 1 Umoja. Mwenye milioni 30 anayetegemea samaki: 6 Ukwasi, 15 hatifungani zilizogawanywa kati ya miaka 5, 10 na 20 ili zisikomae pamoja, 5 Umoja na hisa, 4 za kuanzia kiwanja kilichopimwa. Riba ya kila miezi 6 ielekezwe mahali mapema. Ikiachwa kwenye akaunti ya kawaida itageuka kuwa mchango wa harusi.

Mara moja kwa mwaka piga hesabu. Fungu likizidi mgawo wake kwa zaidi ya pointi 5 za asilimia, usikimbilie kuuza. Peleka pesa mpya kwenye fungu lililopungua. Unauza tu pale pesa mpya haitoshi, kwa sababu ya zile gharama za kutoka.

Anayekuahidi mara mbili ndani ya miezi hayumo kwenye nafasi yoyote. DECI, upatu uliosambaratika 2009, ilitumia lugha ya kupanda na kuvuna, na iliwachukua hata waliosoma. Kabla ya kutoa pesa, tafuta jina la taasisi kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au ya Benki Kuu. Ikiwa ni SACCOS, uliza leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Mwisho ni karatasi moja: kila akaunti, namba yake, taasisi, na jina la mrithi uliyemwandikisha. Mwenza wako ajue ilipo. Bila hiyo familia italipia mirathi bila kujua hata inadai nini.