Uzoefu wangu: nililipia kuona Psycho, mhudumu wa mlangoni akamsimulia mama mdogo mwisho wake

Nilitaka kuandika usiku uleule nikashindwa, vidole vilikuwa vinatetemeka. Zimepita wiki kadhaa sasa na hasira iko palepale, basi naandika.

Ukumbi siutaji. Uko hapa Dar, mwisho wa wiki wanaonyesha picha za zamani kwa projekta, kiingilio cha kawaida tu. Nilikwenda na mama mdogo. Huyu ni mtu wa sinema kweli. Ukimkalisha atakusimulia majumba ya sinema ya Empress na Avalon ya mjini enzi za ujana wake, nani alikaa wapi, picha gani ya Kihindi iliwaliza watu hadi wakatoka macho mekundu. Lakini Psycho, ile picha ya kutisha ya mwongozaji Alfred Hitchcock, hakuwahi kuiona, wala hakuwahi kusikia neno lolote juu yake. Nataka mnielewe hapo. Mtu mzima wa miaka 60 na kitu, mpenzi wa sinema, ambaye hajui kinachotokea bafuni! Mtu kama huyo utampata wapi leo? Nilikuwa nimemtunzia ile picha kama mtu anavyotunza zawadi ya harusi.

Sote tumekua na sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, ataning'inia ukingoni, lakini hafi, na akifa basi ni mwisho kabisa na watu wamesimama wanatafuta kandambili zao. Hitchcock aliijua sheria hiyo kuliko wote, na mwaka 1960 aliitumia kututega. Anamchukua Janet Leigh, nyota mkubwa, anamfanya Marion, anampa dola 40,000 za kuiba kutoka kwa mwajiri wake kule Phoenix, Arizona, halafu anatufungia naye ndani ya gari. Tunasikia anachowaza. Askari wa barabarani mwenye miwani myeusi anamgongea kioo, roho inaruka. Anabadilisha gari kwenye yadi, yule askari kasimama ng'ambo anamtazama. Mvua, waipa, taa za magari usoni. Kila kitu kinakwambia hii ni picha ya mwizi na polisi, na swali ni moja tu, atakamatwa au hakamatwi. Dakika 47 hivi za picha zinakwenda kwenye uongo huo. Halafu anaingia kuoga.

Sasa fikirieni mtu ambaye hajui, yuko dakika ya 40, ameshampenda yule dada, ameshika upindo wa kanga.

Tulikaa viti vya nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa namtafsiria sikioni na sikutaka kuudhi watu. Kwenye skrini Norman, kijana mwenye moteli alikofikia Marion, anamkaribisha mgeni wake chakula, chumba kimejaa ndege waliokaushwa, bundi kafungua mbawa ukutani. Mlango ukafunguliwa. Mwanga ukamwagika hadi mbele. Vijana watatu waliochelewa wakaingia, mhudumu nyuma yao na tochi ya simu, na badala ya kuwaonyesha viti akasimama pale, hatua mbili kutoka kwetu, akaanza kuwapa muhtasari kwa sauti ya kawaida, kama anaelekeza njia ya kituoni: "Hamjakosa kitu. Huyu kaiba hela, sasa hivi anauawa bafuni, na muuaji mwenyewe ni..."

Akamtaja. Mimi sitamtaja hapa. Kama hujaiona, nakuheshimu kuliko yule alivyomheshimu mama mdogo.

Mnajua kwa nini hili linaniuma? Kwa sababu mwenye picha alilikataza. Psycho ilipotoka, Hitchcock aliweka sharti kwenye majumba ya sinema: picha ikishaanza, haingii mtu. Matangazo yalisema hata awe ndugu wa meneja, hata awe Rais wa Marekani, hata Malkia wa Uingereza. Na watazamaji waliombwa wasiusimulie mwisho. Wengine wanasema ilikuwa mbinu ya kuuza tiketi. Iliuza, sawa, lakini ukiitazama picha yenyewe unaona sharti lina maana. Ukichelewa saa nzima utakaa unamngoja stelingi ambaye ameshakufa. Yaani miaka 60 na zaidi baadaye, alichokatazwa Malkia kinafanywa na kijana mwenye tochi.

Nilikuwa nimeshaamua: nyota sifuri.

Ila lazima niseme na kilichofuata. Mama mdogo hakukasirika. Alinikamata mkono. Marion anapiga hesabu ya hela alizokwisha kutumia, anakichana kikaratasi, anakitupa chooni. Ameshatubu, anataka kurudi Phoenix arudishe. Na mama mdogo, ambaye sasa anajua, akaanza kuomba kwa sauti ndogo: "Asiende kuoga. Mwambieni asiende kuoga, jamani." Maji yakafunguliwa. Kucha zake zilikuwa kwenye nyama ya mkono wangu. Hitchcock mwenyewe alimweleza François Truffaut, mwongozaji wa Ufaransa, jambo hili: bomu likilipuka chini ya meza bila mtu kujua, umewapa watazamaji sekunde 15 za mshtuko, wakijua liko pale, umewapa dakika 15 za kuhangaika. Nilimwona mtu anahangaika hivyo kwa macho yangu. Violini za Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa picha hii, zilipopiga kelele (na spika za ukumbi ule ni nzuri, haki yao nawapa), mama mdogo alijifunika kanga uso mzima. Mauaji ambayo kwenye skrini hayafiki hata dakika moja, Hitchcock aliyapiga kwa siku 7, na damu yenyewe ni shira ya chokoleti. Nani angeamini pale?

Halafu likaja lile ninalolipenda kuliko yote. Stelingi kafa, tumebaki yatima. Kamera inapita kwenye gazeti lililofungiwa hela, kama inakuuliza, utamfuata nani sasa? Na aliyebaki ni Norman. Anapiga deki, anafuta beseni, ananawa mikono, dakika kadhaa hakuna anayesema. Maiti kwenye buti, gazeti nalo analitupia humohumo bila kujua lina nini. Anasukuma gari kwenye kinamasi. Linazama, linazama, linasimama. Paa liko nje. Norman kasimama anatafuna, kaacha kutafuna. Na mama mdogo wangu, mswalihina, aliyekuwa anamlilia Marion muda mfupi tu uliopita, akasema: "Zama basi!" Akajiziba mdomo, akanigeukia ameduwaa.

Hapo nilisema moyoni, haya, nyota tatu. Picha hii haiharibiki hata ukiisimulia.

Nilisema mapema. Mpelelezi anayemtafuta Marion anapopanda ngazi za nyumba ya Norman, kamera inaruka hadi darini inatazama chini, na inafanya hivyo ili usiuone uso wa anayetoka chumbani. Ufundi wote ule ni wa kuficha. Mama mdogo aliegemea kiti, akasema "ndiye yuleyule", basi. Ngazi zile zingepaswa kumtoa roho. Kule chini mwisho, kile kiti kinapogeuzwa, mimi nilimtazama yeye badala ya skrini. Hakuna kitu. Alikuwa anatafuta pochi yake gizani. Kile kiti kinageuka mara moja tu katika maisha ya mtu, na yeye zamu yake imekwenda, hakuna wa kumrudishia.

Nikamfuata yule mhudumu mlangoni. Nilianza kwa adabu, "Kaka, samahani." Akanisikiliza huku anachezea simu. Akasema: "Dada, picha ya 1960 hiyo, nani hajui?" Nikamwambia, huyu hapa, mama yangu, ndiye hajui. Hakuinua hata macho amsalimie mtu mzima. "Basi siku nyingine mtazamie nyumbani." Msimamizi akaja mbio na soda mbili za kutupoza. Nikaziacha pale mezani.

Kwa hiyo nyota ngapi? Picha ni tano, na sibishani na mtu. Spika, nne. Ukumbi nilikuwa nimeandika tatu kwa ajili ya "zama basi", nimefuta, naweka moja, na hiyo moja ni kwa sababu fomu ya maoni haikubali kuweka sifuri. Ukienda, kaa mbele, mbali na mlango.

Kwenye daladala mama mdogo alikuwa kimya hadi tunakaribia kushuka. Nikadhani anawaza bafuni. Akanigusa goti: "Mwanangu, na zile hela je? Mwenyewe alirudishiwa?" Nikamwambia zilizama kinamasini ndani ya gazeti, na aliyezizamisha hakujua kama zipo. Akatikisa kichwa hadi kituoni.