Rifoma ya Pilates: kamba au mikanda ya ngozi?

Rifoma ni mashine ya mazoezi ya Pilates yenye kigari kinachoteleza, ambacho mtumiaji hukisogeza kwa kuvuta kamba au mikanda ya ngozi yenye vishikio. Kwa studio inayopokea watu wa vimo tofauti kutwa nzima, kamba ndiyo rahisi: legeza kibanio, vuta, bana tena. Ngozi hurekebishwa kwa bizimu na matundu, na urefu unaoutaka mara nyingi huangukia katikati ya matundu mawili.

Vyovyote vile, kagua usawa. Kigari kikiwa kimerudi mwanzoni, vuta vishikio vyote viwili hadi kwenye vizuizi vya mabega. Vikipishana hata sentimita moja, bega moja litabeba zaidi.

Kamba huchakaa pale inapopita kwenye kapi. Ipitishe vidoleni kila wiki. Ukiona nyuzi za ndani, badilisha zote mbili pamoja, kwa kuwa ya zamani imeshavutika. Gharama yake si kubwa. Ngozi ni ghali zaidi, lakini ikitunzwa hudumu, na mvuto wake mkononi ni thabiti. Wanaofuata mtindo wa zamani wa Pilates wana sababu ya kuipenda. Lakini ngozi hupasuka kwanza kwenye matundu. Spiriti ya kusafishia huikausha, na penye unyevu wa pwani, kama Mombasa, hushika ukungu.

Mwenye mashine moja nyumbani, anayeitumia peke yake, hana haja ya kuikimbia ngozi.